Nyuma ya Duka la Mapazia

"Mimi naipa nyota moja, na hiyo moja ni ya paka," alisema Nesi, huku akijifuta machozi ya hofu kwa ncha ya mtandio. "Filamu nzima, mwenye akili alikuwa paka peke yake. Alipoona kitasa kinazunguka chenyewe, alitoka mbio. Yule mwanamke akabaki kuuliza, 'Nani hapo?' Nani hapo! Muda huo mimi nimeshafika kwa mama yangu mzazi, viatu mkononi."

Dereva alicheka mpaka kiti chake kikalia. Kiza naye alicheka, ila kicheko chake kiliishia mdomoni, hakikushuka chini.

Walikuwa katika chumba cha nyuma cha duka lake la mapazia. Mbele kulikuwa na cherehani mbili, meza ndefu ya kukatia na majora ya vitambaa yaliyoegemezwa ukutani. Nyuma ndiko kulikuwa na chumba hiki, ambacho marehemu mumewe alikipaka ukuta mmoja rangi nyeupe ili uwe skrini. Giza halikuwa tatizo. Mshona mapazia hakosi giza. Alikuwa ameshona pazia la tabaka mbili ambalo hata jua la saa nane mchana lilikuwa likigonga na kurudi lilikotoka. Kila Jumamosi, duka likishafungwa adhuhuri, hapo ndipo filamu mbili zilipotazamwa: moja ya kutisha, moja ya mashujaa wenye nguvu zisizo za kawaida. Kisha simu iliwekwa juu ya boksi la nyuzi, wakarekodi maoni yao na kuwatumia watu waliokuwa wakiyangoja, watu ambao wengi wao hawakuwahi kuonana nao.

Mwanzoni walikuwa watatu wengine: Kiza, mumewe, na Dereva, rafiki wa mumewe tangu utotoni. Mume ndiye aliyempa mkewe jina la Kiza, kwa sababu siku za mwanzo za ndoa yao alikuwa hakubali kutazama filamu ya kutisha taa ikiwaka. Jina likamganda mpaka wateja wakasahau lile la kuzaliwa. Kisha mume akaugua, akaugua kweli, na nyumba ikapungua mtu. Projekta ilikaa muda mrefu imefunikwa shuka kama samani za nyumba iliyohamwa. Mpaka Jumamosi moja Dereva akaja, akasimama pale mlangoni, kofia mkononi, akasema, "Nina filamu ya kutisha hapa. Siwezi kuitazama peke yangu." Kiza alijua fika kwamba Dereva hapendi filamu za kutisha. Alimfungulia. Nesi alijiunga baadaye. Yeye na Dereva walifanya kazi hospitali moja, mmoja wodini, mwingine kwenye usukani wa gari la wagonjwa, na Nesi alikaribishwa kwa sababu ya mdomo wake.

"Haya, wasikilizaji wetu," Nesi aliisogelea simu, "tuje kwa yule shujaa wetu mwenye mbawa za chuma. Dereva, nyota ngapi?"

"Tano."

"Nilijua! Wewe shujaa yeyote unampa tano, mradi afike kwa wakati."

"Kumbe kuna lingine la maana? Jengo linaanguka, watu wamo ndani, mtu anafika. Amefika! Hakukuta foleni barabarani, hakukosa mafuta, hakuambiwa na ndugu wa mgonjwa, 'Mbona umechelewa?'"

Alilisema kama mzaha, lakini Kiza alimwangalia. Aliyajua macho yale. Wiki hiyo Dereva alikuwa amechelewa kufika mahali. Hakuwa amesema, wala Kiza hakuuliza. Lakini alipoingia mchana ule alikuwa amekaa kwanza akiwa bado ameshika funguo za gari, kama mtu aliyesahau kuwa ameshawasili.

"Mimi nampa mbili," Kiza alisema.

"Mbili!" Dereva aligeuka mwili mzima. "Ameokoa jiji!"

"Ameokoa jiji, mkewe amekula chakula peke yake tangu mwanzo wa filamu mpaka mwisho. Mara tatu ameonyeshwa mezani, sahani mbili, mtu mmoja. Hakuna hata mmoja wenu aliyemwona?"

"Mimi nilimwona yule samaki," alisema Nesi. "Alikuwa amekauka."

"Sasa ulitaka afanye nini? Aache watu wafe?" Dereva aliuliza.

"Nilitaka aseme. Amwambie, 'Mke wangu, naogopa.' Anaruka huko juu, anabeba mabasi, hawezi kubeba neno moja?"

Kwenye mwanga wa projekta, uliokuwa bado unaupiga ukuta mtupu, Kiza alimwona Dereva akizigeuzageuza funguo za gari. Akayahamisha macho. Siku hizi alikuwa na kazi hiyo pia, kazi ya kuyahamisha macho yake.

"Turudi kwa mzimu," Nesi alidakia, maana kimya kilimtisha kuliko filamu. "Kiza hujatoa nyota zako."

"Nne."

"Nne! Kwa mwanamke yule mjinga? Mumewe kafa, kazikwa, kila siku anabisha hodi, na yeye mwishowe anakwenda kumfungulia!"

"Ndiyo sababu naipa nne. Ningeinyima hizo nne kama asingefungua." Kiza alikuwa akikunja kipande cha kitambaa magotini, akikikunjua, akikikunja tena. "Filamu hizi zote zinatuambia tuogope wafu wasije wakarudi. Aliyezitunga hajawahi kuamka asubuhi akaweka mkono upande wa pili wa kitanda. Mimi ningefungua. Hata angekuja na udongo kichwani."

Simu iliendelea kurekodi kimya chao.

"Sehemu hiyo tutaikata," Nesi alisema polepole, akaizima. Akatafuta la kuchangamsha baraza, na kama ilivyo kwa watu wa aina yake, akaokota lililo karibu bila kuangalia lina makali upande gani. "Na wewe Dereva, ukishaoa utaruhusiwa kuja huku? Maana mama yako juzi alikuja wodini kumjulia hali jirani yake, akatutangazia wote. Posa inapelekwa Alhamisi. Yule binti anayefundisha chekechea, mpole kweli, hata sauti yake..."

Aliona uso wa Dereva. Kisha akaona wa Kiza.

"Mungu wangu," alisema. "Hukumwambia."

Alisimama, akatafuta mkoba uliokuwa begani mwake, akasema zamu yake inaanza, ingawa wote watatu walijua haikuwa imekaribia. Alipompita Kiza alimbana bega. "Dada yangu, mdomo huu," alinong'ona, akatoka. Kengele ya mlango wa duka ikalia, ikanyamaza.

Wakabaki wawili.

"Nilitaka kukuambia baada ya filamu," alisema Dereva.

"Filamu ya leo, au ya mwakani?"

"Kiza."

"Hongera."

"Usinipe hongera."

"Nikupe nini? Mtu akioa hupewa hongera. Nitakushonea mapazia ya sebuleni. Anapenda rangi gani, bi harusi?"

"Sijui anapenda rangi gani!" Sauti yake ilipanda, akaishusha. "Nimemwona mara mbili. Mara zote mbili tulizungumza juu ya mvua."

Kiza aliinuka, akaanza kuokota bakuli za bisi. Dereva akainuka naye, akazichukua mikononi mwake, akaziweka chini. Hakumgusa. Alikuwa mtu aliyebeba miili ya watu kila siku, akiwashika makwapani na magotini bila aibu, lakini mbele ya Kiza mikono yake ilikuwa haijui pa kukaa.

"Mama ameniuliza miaka yote hii kama kuna mtu," alisema. "Nilikuwa namjibu, yupo, ila sijui kama yupo. Alidhani nina mzaha. Mwezi uliopita akanibana, nikamtajia."

"Ukamtajia nani?"

"Unaniuliza nani?"

Hili lilikuwa limekaa katikati yao Jumamosi nyingi, kama mgeni ambaye kila mtu amemwona na hakuna aliyemkaribisha kiti. Leo limetajwa.

"Mama yako alisemaje?"

"Achana nayo."

"Sema, Dereva. Nimezika mume, neno la mtu halitaniua."

"Alilia. Kisha akasema hakunizaa nije nivae viatu vya marehemu."

Lilimchoma, tena lilimchoma mahali ambapo yeye mwenyewe alikuwa akijichoma kila siku. Alikaa tena kwenye kiti.

"Ana haki," alisema.

"Hana."

"Umenisikia nilivyosema sasa hivi. Akibisha hodi, ningefungua. Sikusema kwa ajili ya wasikilizaji. Utamwoa vipi mwanamke wa namna hiyo? Utakuwa unalala na sikio moja mlangoni."

Dereva alichuchumaa mbele yake, nyuso zao zikawa sawa. Mwanga wa projekta ulimpiga upande mmoja tu wa uso.

"Na mimi unadhani nisingefungua?" alisema. "Alikuwa rafiki yangu kabla hajawa mume wako. Tulifundishana kuendesha baiskeli. Akibisha leo, mimi ndiye nitakayekuwa wa kwanza mlangoni, wewe utanikuta pale nalia. Simkimbii yule, Kiza. Wala sikuombi umfukuze. Nakuomba uniambie neno moja, nikaseme kwa mama, 'Usiende Alhamisi.' Basi. Si lazima unipende leo."

Kiza alimtazama. Aliona mvi moja kwenye nyusi, ambayo hakuwahi kuiona. Aliona kovu dogo la kidevuni. Neno lilikuwa limeshafika, limekaa kwenye ulimi, tamu na zito. Lakini nyuma yake yalikuja mengine yote kwa pamoja: mamamkwe wake, ambaye marehemu alimwachia nyumbani, mzee ambaye hakuwa na mtoto mwingine; mama wa watu aliyelia; minong'ono ya wateja, "Kumbe filamu zile"; na hofu ya mwisho, iliyozidi zote, kwamba mtu huyu kila siku hupanda gari na kukimbia barabarani, na kwamba mwanamke aliyewahi kupigiwa simu moja ya msiba anaweza kupigiwa ya pili.

"Kaoe, Dereva," alisema.

Dereva akainuka, magoti yakialika, akachukua kofia yake. Mlangoni alilishika lile pazia zito, akasimama nalo mkononi kama anayelipima.

"Umeshona vizuri," alisema. "Halipitishi kitu."

Akaondoka. Kiza alikaa pale mpaka projekta ikapata joto kupita kiasi na kujizima yenyewe. Ndipo alipogundua kwamba katika chumba chake kile, kwa mara ya kwanza maishani, giza lilikuwa linamtisha.

* * *

Jumapili asubuhi mamamkwe wake alikuwa sebuleni akichambua choroko kwenye sinia. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye masikio makali ya watu ambao macho yao yameanza kuwaaga.

"Kijana hakuja kunisalimia jana," alisema bila kuinua kichwa. "Kila Jumamosi hunipitia. Ameumwa?"

"Anaoa, Mama."

Vidole vilisimama juu ya choroko.

"Anamwoa nani?"

"Binti mmoja, anafundisha watoto wadogo. Mama yake amemtafutia."

"Na wewe umekubali?"

Kiza alijaribu kucheka. "Mimi ni nani nikubali au nikatae?"

"Usinifanye mjinga, mwanangu. Macho ndiyo yameharibika. Mtu anapoingia humu ndani kila Jumamosi akanisalimia mimi kwanza kwa haraka haraka, kisha akauliza, 'Na Kiza je?' kwa sauti nyingine kabisa, mimi nasikia." Alilisukuma sinia pembeni. "Unamkataa kwa ajili yangu?"

"Na kwa mengine," alisema Kiza, akamsimulia yote ya jana, tangu binti wa mazungumzo ya mvua mpaka machozi ya mama yake Dereva.

"Haya, kaa hapa. Nilizaa mtoto mmoja. Nilimzika, na wewe ulinishika mkono. Sijasahau. Lakini tazama nyumba hii. Mimi na wewe, wewe na mimi. Tunakula, tunazima taa. Mimi ninalia kwangu, nikidhani hunisikii. Wewe unalia kwako, ukidhani sikusikii. Tunamuenzi mwanangu, au tunamlipa? Kwani alitudai nini?"

"Nikiondoka, wewe utabaki na nani?"

"Kwani nani kasema nabaki? Nitakuja na godoro langu." Mzee alitabasamu kwa ufizi. "Mwambie huyo Dereva wako, mke huyu anakuja pamoja na godoro la mamamkwe. Akilikataa, basi hafai, mwache amwoe binti wa mvua."

Kiza alicheka kweli sasa, kisha kicheko kikageuka katikati ya njia, akajikuta ameweka kichwa kwenye mapaja ya mzee, analia kama hajalia tangu siku ile ya mazishi. Mamamkwe wake alimwacha alie. Alipomaliza, alimpa upande wa nguo yake ajifute.

"Usimwendee yeye," alisema. "Yeye ulishamfukuza, ukienda utamchanganya tu. Nenda kwa mama yake. Mwanamke aliyelia kwa ajili ya mwanawe ana jambo. Kamsikilize."

* * *

Mama yake Dereva alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na mtaani kwao hata watu wenye mvi walinyoosha migongo wanapompita. Alimkuta Kiza mlangoni mchana ule, akamwangalia kuanzia kichwani hadi viatuni kama anayekagua usafi kabla ya kengele.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba." Alishika fremu ya mlango. "Uliyemfuata hayupo. Yuko kazini."

"Nimekuja kwako."

Mwalimu hakusema karibu, lakini alisogea, na Kiza akapita. Sebule ilikuwa safi mno. Zulia lilikuwa na alama za ufagio. Walikaa wakitazamana, mikono ya kila mmoja ikiwa magotini.

"Sema," alisema Mwalimu.

Njia nzima Kiza alikuwa amepanga maneno, mazuri, ya heshima, yaliyofuatana. Sasa hakuliona hata moja.

"Nampenda mwanao," alisema. "Jana aliniuliza, nikamficha. Nimeona si vizuri nimfiche yeye na wewe pia."

"Umri wako umemzidi."

"Ndiyo, Mama. Kidogo."

"Watu watasema ulianza naye mumeo akiwa kitandani."

"Watasema. Si kweli, lakini watasema."

Mwalimu alipangusa vumbi ambalo halikuwepo kwenye mkono wa kiti. Alipozungumza tena, ukali ulikuwa umemtoka, na kilichobaki chini yake kilikuwa kikongwe zaidi.

"Unadhani nakuchukia. Sikuchukii. Nakujua, kwa sababu niliishi na mtu kama wewe. Baba yake huyu kijana alikuwa amefiwa na mke kabla hajanioa. Nilikuwa msichana, nilimwona anavyohuzunika, nikasema nitamponya. Picha ya huyo mke ilikuwa pale." Alionyesha mlango wa chumbani. "Juu ya kitanda. Nilimwambia aitoe, akaitoa. Akaniapia kwamba amemsahau. Lakini kila nikipika, alikuwa anaonja, halafu ananyamaza. Unajua kunyamaza huko? Nililala na mwanamke mwingine ukutani maisha yangu yote ya ndoa, na picha yenyewe haikuwepo. Mwanangu ni mmoja. Sitaki ale makombo ya moyo wa mtu."

Kiza alisikia maneno hayo yakishuka ndani yake moja moja. Angeweza kuapa. Ndicho kilichotakiwa pale, kiapo. Mama yule alikuwa karibu anakiomba.

"Siwezi kukwambia nimemsahau," alisema. "Nikikwambia hivyo nitakuwa nakudanganya, na wewe utajua. Namkumbuka. Nadhani nitamkumbuka mpaka nife. Kuna siku nitaonja kitu nami nitanyamaza." Alimtazama Mwalimu usoni. "Lakini mwanao akiniuliza, 'Umenyamaza nini?' nitamwambia. Sitasema 'hakuna kitu.' Na yeye naye anamkumbuka, Mama. Alikuwa rafiki yake. Labda tutanyamaza wote wawili, halafu tutakula. Sijui mapenzi ya kumpa zaidi ya hayo. Kama ni makombo, sema, niondoke."

Midomo ya Mwalimu ilikuwa inafanya kazi, kama ya mtu anayesoma kimyakimya.

"Hakuwahi kuniambia," alisema mwishowe. "Miaka yote. Angeniambia tu, 'Leo nimemkumbuka.' Ningemwuliza, alikuwa anapikaje? Pengine hata ningejifunza." Alijaribu kuliweka kama utani, likamshinda. "Mimi sina ubaya na marehemu yule. Ni mume wangu aliyenifungia nje."

Kabla Kiza hajajibu, lango la nje liligonga. Hatua nzito zikaja, mlango ukafunguka, na Dereva akasimama pale akiwa na sare yake ya kazi, jasho shingoni, akiwaangalia wanawake wawili wa maisha yake wakiwa wamekaa chumba kimoja. Uso wake ulikwenda kwa mama yake, ukaenda kwa Kiza, ukabaki kwa Kiza.

"Kuna nini?" aliuliza. "Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa," alisema mama yake. "Mgeni wako huyu ana neno. Aliseme mbele yangu, nimsikie."

Kiza aliinuka.

"Jana nilikwambia ukaoe," alisema. "Usioe. Au uoe, lakini unioe mimi. Naogopa, Dereva. Naogopa hiyo kazi yako, naogopa simu ikilia, naogopa watu, namwogopa hata mama yako hapa alipo. Lakini nimekaa jana kwenye kile chumba, na nimeona kuogopa peke yangu ni kubaya zaidi."

Dereva alikuja katikati ya sebule, akamfikia, akamshika mikono yote miwili, kwa nguvu, kama mtu anayetaka kuhakikisha mapigo yapo. Machozi yalimtiririka akaacha yatiririke. "Ndiyo," alisema, kwa sauti ya chini mno, akairudia. "Ndiyo, Kiza. Ndiyo."

Akageuka. "Mama?"

Mwalimu alikuwa ameshasimama. "Alhamisi sitakwenda," alisema. "Nitawaendea wale watu kesho, niwaombe radhi mwenyewe, binti wa watu hana kosa. Baraka zangu msizidai leo. Leo sina. Ngojeni." Kisha akaziangalia buti za mwanawe. "Na umelikanyaga zulia langu."

Akaingia chumbani kwake. Hakufunga mlango.

Dereva alimvuta Kiza kifuani, na Kiza akakaa pale, akisikia moyo wa mtu ukipiga chini ya sikio lake, kitu ambacho alikuwa amejizuia hata kukiota. Angeweza kukaa hapo mpaka jioni. Lakini kupitia juu ya bega la Dereva aliuona ule mlango ulio wazi, na ndani yake, ukingoni mwa kitanda kikubwa kilichotandikwa vizuri, mwanamke mmoja amekaa, mgongo umenyooka, akiutazama ukuta mtupu.

Kiza aliujua mkao ule.

"Ngoja kidogo," alimwambia Dereva, akijiondoa taratibu mikononi mwake.

Akavua viatu, akaingia chumbani, akaketi ukingoni mwa kitanda kando ya mama yule. Hakumshika. Walikaa, wakiutazama ukuta pamoja. Sebuleni Dereva alikuwa amesimama palepale alipoachwa.

Baada ya muda, Mwalimu alipumua.

"Umeukalia mtandio wangu," alisema.

Kiza alisogea kidogo. Lakini hakuinuka, na mama yule hakumwambia ainuke.